Dada Tu

Mapema ni jina la utani. Alizaliwa kabla ya mwezi wake, sebuleni kwa jirani, na mkunga aliyempokea akasema, "Huyu kaja mapema, utadhani anawahi foleni." Jina likaganda. Kichekesho ni kwamba tangu siku ile hakuna jambo hata moja alilowahi tena. Wenzake wakitaniana darasani, wao hucheka leo, yeye hucheka kesho. Akisengenywa, wa mwisho kusikia ni yeye. Hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa kuamini, na siku hizi watu hawatofautishi.

Simu ya ng'ambo ilimkuta ana miaka kumi na tisa, amemaliza shule, yupo tu nyumbani anamsaidia mama yake kushona mashuka. Aliyepiga alikuwa mama mdogo. Huyu hakuwa mdogo wa mama yake kwa damu. Walikuwa mashoga tangu darasa la kwanza, dawati moja, kitana kimoja, siri moja. Na mama yake Mapema alipofukuzwa kwao kwa sababu ya mimba, ni shoga huyo aliyempokea, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe na kumgawia nusu ya sahani yake. Undugu wa namna hiyo wakati mwingine unaushinda wa damu. Shoga akasoma, akawa mfamasia, akaolewa, akahamia nchi ya watu, lakini Mapema alikua akijua kwamba ana mama wawili, mkubwa wa hapa na mdogo wa kule.

"Mwanangu," mama mdogo akasema, simu imewekwa sauti ya juu na mama mtu yupo pale na sindano yake, "huku kuna mpango wa vijana. Kijana anakuja, anakaa na familia kama mtoto wa nyumba, anasaidia kuangalia wadogo, asubuhi anakwenda kusoma lugha ya hapa. Mwaka ukiisha anaingia chuo anachokitaka. Sasa mimi natafuta dada wa watoto wangu. Nikajiambia, nihangaike na mtu baki wa nini, wakati wewe upo?"

Mapema alitafuta viatu siku hiyohiyo.

Kiswahili kina upole wake, na upole huo mara nyingine una jambo umelificha. Mtoto wa mama yako ni dada. Binti usiyemjua, ukitaka akuelekeze njia, ni dada. Na msichana anayefua, anayepika, anayembeba mtoto wa mwenye nyumba mpaka mgongo unamuuma, naye ni dada. Tumemwita hivyo kwa sababu kumwita mtumishi kunatutia aibu. Kumtumikisha hakututii.

Alipofika, mama mdogo alimkumbatia mbele ya abiria wote, akalia. Machozi yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo linaloniudhi mimi mpaka leo. Mtu angekuwa mwovu wa moja kwa moja, tungejua pa kumweka.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya nne, vyumba vitatu vya haki, na cha nne nyuma ya jiko. Humo mlikaa mashine ya kufulia, meza ya kupigia pasi, ndoo na fagio, na sasa Mapema. Mashine ikifika pale pa kukamua, kitanda chake nacho kilisogea kidogo kuelekea mlangoni, na kila Jumamosi alikisukuma kukirudisha ukutani. Mezani palikuwa na kidude cheupe chenye taa ya kijani, cha kusikilizia mtoto mchanga akilia. Kingeweza kukaa chumbani kwa mama wa mtoto. Kilikaa kwa Mapema.

"Wewe usingizi wako mwepesi," mama mdogo alimwambia, na Mapema akaipokea kama sifa.

Watoto walikuwa wawili. Mkubwa wa kike, miaka sita, walimwita Kasuku, kwa sababu neno likimwingia sikioni lazima litokee mdomoni. Mdogo alikuwa Bonge, bado wa chupa, mashavu yamefunika shingo. Baba yao, baba mdogo, alikuwa mhandisi wa madaraja, mtu mpole wa kukohoa. Akikubali jambo alikohoa, akilikataa alikohoa, na ilihitaji uzoefu kujua kikohozi kipi ni kipi.

Siku za Mapema zilikuwa na mpangilio wake. Asubuhi alichemsha chupa, akambadilisha Bonge, akamsuka Kasuku huku Kasuku akisimulia ndoto ambayo haikuisha. Akawavisha makoti, akashusha kigari cha mtoto ghorofa zote nne kwa sababu lifti ilikuwa na hasira zake, akampeleka mmoja shule na mwingine kwa bibi mmoja wa jirani aliyeshika watoto wa asubuhi, kisha akakimbilia darasa la lugha na maziwa yamekauka begani. Mchana alirudi njia ileile kinyumenyume. Jioni kuogesha, kulisha, kuosha vyombo, kupiga pasi makoti meupe ya mama mdogo ya duka la dawa. Mpango wa vijana ulisema atasaidia nusu siku. Lakini ndugu hahesabiwi saa, si ndiyo? Ukianza kumhesabia mama yako mdogo saa, utaonekana umekosa malezi. Kamba ya namna hiyo haina fundo linaloonekana, ndiyo maana haifunguki.

Na kusema kweli alikuwa na furaha. Aliwapenda watoto. Bonge alitambaa kumfuata jikoni kabla hajatambaa kumfuata mama yake, na siku hiyo mama mdogo alicheka na kusema, "Haya, umeshaninyang'anya mtoto," na Mapema akaona fahari badala ya kusikia onyo. Jumapili walikula meza moja. Wageni wakija, mama mdogo alimshika bega akasema, "Huyu ni mwanangu," kisha chakula kilipoletwa ikaonekana viti havitoshi, na mwanangu akala jikoni, karibu na jiko, ili awe tayari kuongeza.

Ufa wa kwanza ulitokea mlangoni pa shule ya Kasuku. Darasani kwake Mapema walikuwa wamejifunza maneno ya ukoo. Lugha ile ni bahili, kila kitu kina neno lake na hakiazimi la mwenzake. Dada wa tumbo moja ana neno lake. Msichana wa kuangalia watoto ana neno lake, tena mbali kabisa, hayajuani hata herufi ya kwanza. Mapema alikariri la kwanza, maana la pili hakuona litamfaa nini. Basi mwalimu mpya wa Kasuku alipomwuliza yeye ni nani wa mtoto, akajibu kwa matamshi safi, kifua mbele, kwamba yeye ni dada yake.

Kasuku alimvuta mkono wa koti.

"Umekosea," akanong'ona kwa Kiswahili.

"Nimekosea nini?"

"Neno. Umemwambia wewe ni dada yangu."

"Kwani mimi si dada yako?"

Kasuku akamtazama kwa huruma, jinsi watoto wanavyowatazama wakubwa wasiojua mchezo. "Wewe si dada yangu. Wewe ni dada tu."

Kisha akamgeukia mwalimu, akamsahihishia kwa lile neno la pili, na mwalimu akaandika.

Mapema alicheka. Alirudi nalo nyumbani kama kichekesho, akamsimulia mama mdogo kwenye sinki. Mama mdogo naye akacheka, tena akacheka zaidi ya kichekesho chenyewe. "Watoto bwana! Usimsikilize. Wewe ni damu yangu." Akaenda chumbani, akarudi na manukato yake mwenyewe, nusu chupa, akampa. Huko kwetu wanaita kuvishwa kilemba cha ukoka. Mapema alijipulizia shingoni akasikia harufu nzuri.

Sasa niseme alichokuwa anakitaka, maana bila hicho hadithi hii ni ya vyombo na nepi. Alitaka kuwa mkunga. Hakuwa na sababu ya kupendeza. Alikuwa amewahi kushika mkono wa jirani anayejifungua, akaona mtoto anatoka akiwa wa buluu na kugeuka rangi mbele ya macho yake, na tangu hapo kazi nyingine zote alizoziwaza zilimchosha hata kabla ya kuzianza. Mji ule ulikuwa na chuo cha ukunga chenye bweni. Mwaka ulipokaribia kwisha akafanya mtihani wa lugha, akafaulu. Akaitwa chuoni kwa mahojiano, akayapita. Mwalimu mkuu, mama wa nywele fupi nyeupe na miwani mikubwa, alimpa mkono mwenyewe.

"Nafasi ni yako," akamwambia. "Limebaki jambo moja. Hujafika ishirini na moja, na uko chini ya familia. Sheria yetu inataka mkubwa wako aniambie kwa mdomo wake kwamba anakuruhusu uhamie bwenini. Jumatano nitapita kwenu, tunywe chai, yaishe."

Mama mdogo alipoambiwa alimkumbatia. "Mkubwa wako nani kama si mimi? Nitasimama. Niache na huyo mwalimu wako."

Niache na huyo mwalimu wako! Mtu akikwambia hivyo, shika mlango. Mapema hakushika. Aliosha mapazia.

Jumatano ilipofika, alikuwa amepanga vikombe vya wageni, vile vya ukingo wa dhahabu, mama mdogo akatoka chumbani na simu mkononi. Akasema mwalimu mkuu amepatwa na udhuru, atakuja wiki ijayo. Na kwa kuwa jua limetoka, si ampeleke Bonge bustanini akanyooshe miguu? Kasuku abaki, ana kikohozi. Mapema alisikitika kidogo, akamvisha Bonge viatu. Bustanini aliitumia nafasi ile kufanya mazoezi, akimwambia Bonge kwa lugha ya wenyewe, "Vuta pumzi, mama, sasa sukuma," na Bonge, aliyekuwa ameanza kutembea juzijuzi, akasukuma kweli, akaanguka kitako, akapiga makofi.

Waliporudi, kwenye sinki palikuwa na vikombe viwili vya ukingo wa dhahabu. Mapema aliviosha, akavikausha, akavirudisha kabatini. Ndivyo alivyokuwa.

Alijua wakati anamwogesha Kasuku.

"Mwalimu wako ana miwani kama ya chura," Kasuku akasema, povu kidevuni.

"Mwalimu wangu gani?"

"Wa shule ya kutoa watoto tumboni. Kanywa chai yote. Mama kamwambia wewe hutaki tena shule." Na hapo Kasuku akakaza shingo, akaitoa sauti ya mama yake ilivyo, mpaka ule upole wa mwishoni: "'Anawapenda mno wanangu, hawezi kuwaacha. Ameona haya kukwambia mwenyewe.'" Akatema maji. "Mwalimu kasema nafasi atapewa mwingine. Ni kweli hutaki, dada? Mimi nimefurahi."

Mapema alimmwagia maji kichwani polepole, mara ya pili na ya tatu, mahali ambapo povu lilikwisha kutoka. Hakukuwa na kosa katika masikio ya Kasuku. Mtoto yule hakuwahi kuruka neno. Alimfunga taulo, akamkausha katikati ya vidole vya miguu kama kawaida, akamvisha nguo za kulalia, akaenda jikoni. Mama mdogo alikuwa anakata mkate, baba mdogo yuko nyuma ya gazeti.

"Mama mdogo, mwalimu mkuu alikuja leo?"

Kisu kilisimama. "Nani kakwambia?"

"Alikuja?"

"Kasuku!" mama mdogo akaita, kisha akaona haina maana. "Kaa, mwanangu."

"Nimesimama."

"Hebu elewa. Bonge bado mdogo. Mimi naingia zamu, baba yao leo yuko hapa, kesho yuko kwenye daraja lake. Ukiondoka watoto nimwachie nani? Nichukue mtu nisiyemjua, wa kutoka nje?"

"Ulisema mwaka mmoja."

"Nilisema mwaka ukiisha tutaona."

"Hukusema tutaona. Ulisema utasimama. Umesimama ukanifungia mlango."

"Usinipandishie sauti ndani ya nyumba yangu." Alisema hivyo bila kupandisha yake. "Mimi sikukudanganya. Nilikuita mbele ya mama yako, kwa Kiswahili safi, nikasema natafuta dada wa watoto wangu. Wewe ulidhani nakuita uje kuwa nani?"

"Dada."

"Basi? Si ndiye huyo?"

Kweli alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na muuzaji anamwambia, lakini nilisema mbuzi! Mapema alimtazama baba mdogo, maana kama kuna siku ya kukohoa ilikuwa ile. Baba mdogo akakohoa. Akakunja gazeti, akasema nadhani niliacha taa za gari zinawaka, akatoka.

Alikwenda chumbani kwake, akakizima kile kidude cha taa ya kijani. Aliumia, na aliumia zaidi kwa sababu kila jema alilotendewa nyumba ile lilimrudia akilini na kubadilika uso: manukato, bega lililoshikwa, "mwanangu" ya mbele za watu. Hakuna hata moja alilojua tena aliweke wapi. Kitu kimoja tu kilibaki imara. Ana mama. Akampigia? Akaona aache kwanza, asije kumtia mama yake mawazo kwa jambo ambalo pengine kesho litarekebishika. Mama mwenye sindano mkononi na shinikizo la damu humpelekei kilio, unampelekea habari.

Asubuhi hakwenda darasani. Alimpeleka Kasuku shule na Bonge kwa yule bibi, kwa kuwa watoto hawana kosa, kisha akaenda moja kwa moja chuoni, akabisha mlango wa mwalimu mkuu. Akamweleza yote kwa lugha yao, akikosea sarufi kwa hasira, na mwalimu mkuu akavua miwani.

"Kwa hiyo unaitaka nafasi?"

"Naitaka."

"Yuko binti mwingine, atakuja leo mchana kunipa jibu. Sijampa bado." Akafikiri. "Mwenyeji wako amekataa, hilo siwezi kulifuta. Lakini mzazi yuko juu ya mwenyeji. Una mzazi?"

Mapema nusura acheke. Wasiwasi wote ule, kumbe mlango ulikuwa wazi! "Ninaye mama. Hajui lugha yenu, lakini nitamfasiria."

"Mpigie hapahapa. Nataka nimsikie mwenyewe, wewe unifasirie."

Simu ikawekwa mezani katikati yao, sauti ya juu. Iliita, ikapokelewa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mbona asubuhi asubuhi?"

"Mama, niko na mwalimu mkuu wa chuo cha ukunga. Nimefaulu, nafasi ipo. Anataka akusikie tu unasema umeniruhusu. Sema neno moja, mimi nitamweleza."

Cherehani iliyokuwa ikilia kwa mbali ikasimama.

"Mama mdogo wako anajua uko hapo?"

"Mama, mama mdogo amenigeuka! Jana amemwambia mwalimu kwamba mimi sitaki shule."

"Najua, mwanangu. Alinipigia jana."

Mapema alidhani hakusikia vizuri. "Alikupigia akakwambia nini?"

"Rudi nyumbani ukamwombe radhi. Sema ulikuwa na hasira."

"Radhi ya nini, mama?"

"Mapema, nisikilize. Sisi tulikubaliana tangu mwanzo. Unakaa pale mpaka huyo mtoto mdogo aanze shule. Ukishamaliza, yeye anamchukua mdogo wako wa kiume, anamleta huko, anamsomesha mpaka mwisho. Ameniahidi, na huyu mtu hajawahi kuniangusha. Ukiondoka sasa, mdogo wako atakwenda wapi?"

Mwalimu mkuu alikuwa anatazama simu, kisha Mapema, kisha simu.

"Mlikubaliana lini? Kabla sijaondoka?"

"Kabla."

"Siku ile anasema anatafuta dada, wewe ulijua ni dada gani?"

Mama yake alivuta pumzi ndefu. "Ningekwambia, ungekwenda?"

Hakuna kitu alichowahi kuambiwa maishani kilichomchoma kama hicho. Mama mdogo alimtumia, sawa, mama mdogo alikuwa na watoto wake wa kuwatetea. Lakini huyu alikuwa amekaa pale na sindano yake, anasikia neno lile linatajwa, anamwona binti yake anakimbilia viatu kwa furaha, na akaendelea kushona pindo. Alimwacha aamini mwaka mzima. Alikuwa akimwuliza kwenye simu, "Masomo vipi?" na Mapema akimwimbia maneno mapya aliyojifunza, naye akisema, "Haya, vizuri, mwanangu." Alikuwa anamsikiliza mtoto anavyojenga nyumba, na kiwanja amekwisha kukiuza.

"Mama," akasema, na sauti haikutoka vizuri, "kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiye mkubwa." Mama yake alikuwa ameanza kulia sasa, na alikuwa analia kweli. "Mimi sina kingine cha kumpa mdogo wako. Ana dada mmoja tu duniani. Kuwa dada yake, Mapema. Nakuomba. Mwambie huyo mwalimu utarudi miaka ijayo."

Kilio kikajaa kwenye ofisi, juu ya meza, kati ya kalamu na glasi ya maji. Mdogo wake wa kiume alikuwa na miaka kumi na miwili, mtundu, anayependa kumaliza mkate wa wenzake. Mapema aliuona uso wake wazi kabisa. Angejua siku moja, na pengine asingesamehe.

"Mama anasema nini?" mwalimu mkuu akauliza kwa upole.

Mapema aliinua macho. Palikuwa na watu watatu katika mazungumzo yale, na mmoja tu ndiye aliyewasikia wote. Mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anajua jambo kabla ya wengine.

"Anasema ndiyo," akajibu.

"Maneno yote yale ni ndiyo?"

"Anasema ameniruhusu kwa moyo mmoja. Anasema nisome kwa bidii, nisiwaangushe." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Analia kwa furaha."

Mwalimu mkuu aliweka mkono kifuani, naye macho yakamlengalenga, maana alikuwa mama wa watu. "Mwambie hongera. Mwambie amelea."

Mapema aliinamia simu. "Mama, mwalimu anasema hongera. Anasema umelea."

"Hongera ya nini?" Kilio upande wa pili kilikatika ghafla. "Umemwambia nini huyo mwalimu? Mapema? Mapema, umemwambia nini?"

"Na sasa anasema nini?" mwalimu mkuu akauliza, huku akitabasamu.

"Anaaga," Mapema akasema, akakata simu.

Kisha akavuta kiti karibu na meza, akauliza bweni linafunguliwa lini.